Mnyama wa maskini haokolewi peke yake

Watu wakikimbia vita, mifugo nayo inakimbia. Tangu mapigano yalipofufuka Rutshuru mwisho wa 2021, kisha yakafika Masisi, wahami wengi walishuka barabarani na mtoto mgongoni, kuku ndani ya kikapu, mbuzi wa kuvutwa kwa kamba. Waliofika pembeni ya Goma walikuta mawe ya volkano, si majani. Mbuzi aliyeponea njiani alifungwa kwenye nguzo ya kibanda, akakonda pale pale mpaka akauzwa kwa bei ya kutupa. Ukigusa jambo hilo, jibu ni moja: watu wenyewe hawajala, nani atashughulika na mbuzi?

Swali hilo ni la haki, na si mara ya kwanza vita kulileta. Mfano mmoja unatoka Cairo, nchini Misri.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha 1918, farasi wengi wa jeshi la Uingereza waliokuwa Misri hawakurudishwa makwao. Waliuzwa kule kule, wakaingia kwenye kazi ya kuvuta mikokoteni na mawe. Mwaka wa 1930 mama mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo na mume wake aliyekuwa jenerali, akaanza kuwatafuta. Aliwakuta wazee, vipofu, wenye kuchechemea, mbavu nje na vidonda chini ya kamba. Miaka zaidi ya 10 ilikuwa imepita, na vita kwao ilikuwa haijaisha.

Mwaka wa 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London, akaomba msaada kwa wasomaji. Watu wa kawaida walituma pesa, na katika miaka mitatu farasi 5000 hivi walinunuliwa. Wengi hawakuwa wa kupona tena: walipewa chakula, maji na siku chache za kupumzika, kisha wakauawa bila mateso. Mwaka wa 1934 ilifunguliwa Cairo hospitali ya wanyama wa kazi, na farasi ama punda wa maskini alitibiwa bila malipo. Kazi iliyoanza hapo inaendelea mpaka leo katika nchi nyingi, Kenya ikiwa moja yake.

Cha kuangalia zaidi ni namna wenye farasi walivyotendewa. Ilikuwa rahisi kuwaita wakatili. Lakini mwenye mkokoteni alikuwa maskini, na farasi yule mgonjwa ndiye aliyeleta mkate wa watoto. Kumnyang'anya bure kungehamisha njaa tu, kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtoto. Kwa hiyo farasi alinunuliwa, na aliyebaki kazini alitibiwa ili kesho avute tena. Baadaye, huko India, shirika lililozaliwa na kazi hiyo lilisaidia wenye farasi na punda kuunda vikundi vya kuweka akiba, ili mnyama akiugua dawa ipatikane bila kwenda kukopa.

Kivu haina farasi wengi. Mizigo ya Goma inabebwa na chukudu. Lakini vikundi vya akiba viko. Kila mama anajua AVEC, na kisanduku chake. Kinachokosekana ni uamuzi. Kikundi cha watu 20 kinaweza kutenga kidogo kila juma kwa ajili ya dawa ya minyoo na ya kupe, na kumlipa daktari wa mifugo aje siku moja awaangalie wanyama wote pamoja. Familia iliyopokea wahami na bado ina kipande cha majani inaweza kupatana nao: mbuzi ale, mbolea ibaki shambani. Na mashirika yanayoandika majina ya wahami yaulize pia kila familia imefika na mnyama gani, kwa sababu mbuzi huyo ndiye karo ya shule, ndiye dawa ya mtoto, ndiye mwanzo wa maisha siku ya kurudi kijijini.

Atakayesema kwamba mtu anatangulia mnyama amesema kweli. Lakini katika familia ya wahami hao wawili hawako kwenye mistari miwili. Anayerudi Masisi na mbuzi jike mzima ana pa kuanzia. Anayerudi mikono mitupu atangoja msaada tena, na msaada haufiki kila siku.

Kwa hiyo mbuzi aliyekonda pembeni ya kibanda asiwe sababu ya kumcheka jirani wala kumhukumu. Awe sababu ya kumuuliza: tukusaidie nini ili huyu apone?