Dalali naye apewe mtihani

Hivi wadau, mmeshawahi kujiuliza kwa nini dereva wa daladala lazima awe na leseni, mama lishe anatakiwa apimwe afya, lakini mtu anayeshika kodi yako ya miezi sita hakuna aliyewahi kumtahini?

Namzungumzia dalali wa nyumba. Hapa Dar ukitafuta geto, iwe Sinza, Kinondoni au Mbagala, humkwepi. Utalipa hela ya kuonyeshwa, hata kama chumba chenyewe kilishachukuliwa wiki iliyopita. Ukikipenda, unampa kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Mara nyingi hata mwenye nyumba hamjui. Kaambiwa na dalali mwenzake, naye kaambiwa na mwingine. Jambo likiharibika kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake, na simu hazipatikani.

Matokeo yake mnayajua. Chumba kimoja kinalipiwa na wapangaji watatu, wanakutana mlangoni na magodoro yao. Halafu tazameni kuta za mitaa yetu: "NYUMBA HII HAIUZWI." Mtu analazimika kununua rangi ili nyumba yake isiuzwe akiwa safarini! Sisi waandishi tunaweza kujaza kurasa, lakini sijaona habari fupi kuliko hiyo kuhusu soko letu la nyumba.

Kuna atakayesema leseni zipo. Kweli, Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972. Lakini leseni ile inahusu ada na kodi. Haimwulizi mtu kama anajua kusoma hati ya nyumba au kuandika mkataba wa pango. Julai 2025 serikali ikawapiga marufuku wageni kufanya udalali wa nyumba. Safi. Ila hapo tumesema nani asiwe dalali, hatujasema mzawa anayebaki anatakiwa ajue nini. Tapeli mwenye kitambulisho cha NIDA ni tapeli vilevile.

Wathamini wenzao wana sheria yao tangu 2016, yenye bodi na usajili. Kwa nini huyu anayekutana na wananchi wengi zaidi aachwe?

Majirani zetu Kenya walitunga sheria ya mawakala wa nyumba mwaka 1984, wakaunda na bodi ya kuwasajili. Mbona Nairobi watu bado wanalizwa? Mimi naona mlango uliwekwa juu mno. Usajili unadai elimu ya juu ya mambo ya ardhi au sifa za kitaaluma. Kijana wa Kayole anayejua kila chumba kilicho wazi hana ngazi ya kuufikia mlango huo, kwa hiyo anaendelea na kazi zake pembeni, nje ya sheria.

Tusinakili hilo. Sitaki dalali awe na digrii. Nataka mambo manne tu: mafunzo ya wiki chache yenye mtihani kwa Kiswahili, namba ya usajili ninayoweza kuihakiki kwa simu kabla sijatoa hata senti, barua ya mwenye nyumba inayomruhusu kuipangisha, na risiti. Akitapeli, namba ifutwe nchi nzima, asihamie Mwanza akaanza upya.

Najua nitaambiwa nataka kuwanyima vijana mkate. Tena wengine ni wasomi wenzetu kabisa, walimaliza chuo, ajira hakuna, wakaingia kwenye udalali. Ni kwa ajili yao pia nasema haya. Dalali mwaminifu ndiye anayeumia kuliko wote, maana akisimama mbele ya mteja hana kitu hata kimoja cha kumtofautisha na yule aliyemliza mteja huyo huyo mwezi uliopita.

Leseni ya maana ingekuwa ngao yake kwanza, halafu yetu.

Nawasilisha.