Damu ya mtoto inatoka pande mbili



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kuhesabu feza za likelemba, mama mmoja kati yetu aliomba neno. Alikuwa amebeba mtoto wake wa miaka mitatu mgongoni, amemfunga na kitenge na koti juu kwa ajili ya baridi. Tangu Noeli mtoto yule amelala hospitali mara tatu. Mara ya mwisho walimpima damu, wakasema: ni SS.

Mama alituambia kwamba habari ya ugonjwa aliipokea kwa moyo mgumu, lakini hakulia. Alilia alipofika nyumbani. Shangazi wa bwana yake alisema mbele ya watu wote: "Katika jamaa yetu hakuna damu ya namna hii. Ni wewe umeileta." Na bwana alinyamaza.

Tulimwomba ruhusa ya kuandika habari yake bila kutaja jina. Akajibu: "Andikeni, shangazi naye anajua kusoma." Basi juma hili tunaandika juu ya mambo ambayo mtoto anarithi, na namna anavyoyarithi, maana neno kama lile limevunja ndoa nyingi hapa mjini.

Tuanze na jambo ambalo hakuna anayelibishia. Mtoto akizaliwa, majirani wanakuja kumtazama. Mmoja anasema: "Pua ni ya baba." Mwingine anasema: "Lakini macho ni ya bibi mzaa mama." Tunacheka, tunakubali kwamba mtoto amechukua kwa pande mbili. Ila mtoto akiwa na ugonjwa wa kurithi, ghafla tunasahau upande mmoja. Pua nzuri ni ya baba, damu mbaya ni ya mama. Si haki, na si kweli.

Ukweli ni huu. Ndani ya mwili wa kila mtu mna maagizo ya kuujenga mwili ule: rangi ya macho, kundi la damu, na mengine mengi. Agizo moja linaitwa jeni. Karibu kila jeni tunayo mara mbili, moja tuliipata kwa mama, moja kwa baba. Tunapozaa, hatumpi mtoto zote mbili. Tunampa moja tu, na hatuchagui ni ipi. Mwenzetu naye anampa moja. Hivyo mtoto anakuwa tena na mbili.

Jeni moja kati ya hizo inatoa agizo la kutengeneza hemoglobini, ile kitu nyekundu katika damu inayobeba hewa. Jeni ya kawaida inaitwa A. Kuna nyingine iliyobadilika kidogo, inaitwa S. Mwenye A mbili ni AA. Mwenye A moja na S moja ni AS: damu yake inafanya kazi vizuri, analima, anabeba mzigo, anazeeka, na anaweza kufa bila kujua kwamba alikuwa na S. Mwenye S mbili ni SS. Huyo ndiye mgonjwa. Chembe nyekundu za damu yake zinajikunja kama mundu, au kama mwezi ulio mchanga, zinaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa. Tena zinakufa upesi. Chembe ya kawaida inaishi siku kama 120, ya mtu wa SS inaishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu damu inapungua kila mara.

Sasa hesabu inaonekana. Ili mtoto awe na S mbili, lazima apate moja kwa mama na moja kwa baba. Mama peke yake hawezi kumzaa mtoto wa SS. Baba peke yake naye hawezi. Mwaka 1949, kule Marekani, mganga James Neel alipima damu za wazazi wa watoto wagonjwa wa SS. Aliona kwamba wazazi wote wawili wanabeba S, baba sawa na mama. Tangu wakati ule jambo hili si la kubishania tena.

Ili tusibaki na maneno tu, siku ile ya posho tulifanya mchezo, na nyinyi munaweza kuufanya nyumbani. Twaa vikapu viwili vidogo. Katika kila kimoja weka punje moja nyeupe ya maharagi na punje moja nyeusi. Nyeupe ni A, nyeusi ni S. Kikapu kimoja ni baba AS, kingine ni mama AS. Funga macho, toa punje moja katika kila kikapu, uziweke pamoja: huyo ni mtoto. Andika, rudisha punje, anza tena.

Tulizaa watoto 40 kwa njia hiyo. Watoto 9 walikuwa weupe pande zote, ni AA. Watoto 19 walikuwa mchanganyiko, ni AS kama wazazi. Watoto 12 walikuwa weusi pande zote, ni SS. Tungerudia tungepata hesabu nyingine kidogo, lakini kadiri unavyotoa mara nyingi ndivyo inavyokaribia robo, nusu, na robo.

Jambo moja liliwashangaza wengi. Mara mbili tulitoa SS wawili mfululizo. Mama mmoja akasema: "Lakini wametuambia ni mtoto mmoja kwa wanne! Nikiwa na mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Hapana, mama. Kikapu hakikumbuki punje iliyotoka jana. Kila mimba inaanza upya, na kila mimba ina hatari ile ile ya robo moja. Kuna jamaa ya watoto sita bila SS hata mmoja, na jamaa ya watoto wanne yenye SS watatu, na wazazi wa pande zote mbili ni AS. Aliyezaa wagonjwa watatu hajatenda dhambi kuliko yule mwingine.

Turudi kwa neno la shangazi: "Katika jamaa yetu hakuna." Tunaamini kwamba hasemi uongo. Hajaona. Mtawa mmoja Mkatoliki, Gregor Mendel, alilima njegere katika bustani ya monasteri ya Brno, akatoa maandishi yake mwaka 1866. Alichanganya njegere za manjano na njegere za kijani. Kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha manjano. Ungesema kijani kimekufa. Lakini alipozipanda zile za manjano, katika kizazi kilichofuata alihesabu punje 6.022 za manjano na 2.001 za kijani. Kijani hakikuwa kimekufa, kilikuwa kimejificha. S nayo inajificha namna hiyo, kutoka kwa babu kwenda kwa baba, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, mpaka siku inapokutana na S nyingine.

Na tena, waulizeni bibi zetu kwa upole. Wengi watawaambia juu ya watoto waliokufa mbele ya kutembea, wenye macho ya manjano na mikono iliyovimba. Zamani waliita homa, au walisema ni ulozi, na wakati mwingine mjane mmoja mzee alifukuzwa kwa ajili yake. Huenda ugonjwa ulikuwako katika jamaa. Jina lake ndilo halikuwako.

Wengine watauliza: kwa nini S ni nyingi hivi kwetu? Kongo yetu, pamoja na Nigeria na India, ni kati ya nchi ambazo watoto wengi zaidi wanazaliwa na SS. Sababu yake ni malaria. Mwaka 1954 mganga Anthony Allison, ambaye alikulia Kenya, alionyesha kwamba mtoto wa AS anakingwa kwa sehemu dhidi ya malaria kali. Kwa miaka mingi sana, pahali penye mbu wengi, watoto wengi wa AA walikufa na malaria, wa AS wakabaki, wakakua, wakazaa. Sisi ni wajukuu wao. Hivyo AS si laana. Pengine ndiyo iliyomwokoa nyanya yako ili wewe uzaliwe. Lakini muangalie vizuri: kinga hiyo ni ya AS. Kwa mtoto wa SS malaria ni adui mkubwa, na anapaswa kulala ndani ya chandarua kila usiku.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, tupimwe wawili. Baba asimtume mama peke yake. Mukifika labo, muulize ni kipimo gani. Kipimo cha Emmel ni cha bei ndogo, lakini kinaonyesha tu kwamba S iko. Hakiwezi kutofautisha AS na SS. Kinachotofautisha ni elektroforezi ya hemoglobini. Si kila kituo cha afya kinayo, kwa hiyo muulize mbele ya kulipa usafiri.

Pili, vijana wapimwe mbele ya mahari. Mmoja akiwa AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS, hata mwenzake awe nani. Kijana wa SS naye anaweza kuoa au kuolewa: akimpata AA, watoto wao wote watakuwa AS, wazima. Wote wawili wakiwa AS, wajue hatari ya robo katika kila mimba. Mmoja akiwa AS na mwingine SS, hatari ni nusu. Sisi hatuji kuvunja uchumba wa mtu. Wenye kuamua ni wale wawili. Tunachokataa ni kuficha karatasi ya labo mpaka harusi ipite.

Tatu, mtoto wa SS atunzwe, maana anaweza kuishi, kusoma na kuzeeka. Anywe maji mengi. Avae nguo za moto, zaidi katika baridi hii ya mwezi wa sita na wa saba, maana baridi inaamsha maumivu. Apate chanjo zote. Wakati wa utoto, mganga anaandika penisilini ya kila siku ili kuzuia maambukizo. Musiiache kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Kuna pia dawa ya hidroksiurea ambayo inapunguza maumivu kwa wengi. Mumuulize mganga. Dawa ya chuma ya kuongeza damu musimpe bila kipimo, inaweza kumzidishia chuma mwilini.

Na kuna dalili ambazo hazingoji kesho: homa, viganja na midomo kuwa vyeupe, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, kupumua kwa shida, mdomo kupinda au mkono kukosa nguvu. Hapo ni hospitali usiku ule ule, hata kama ni kukopa kwenye sanduku letu la msaada. Sanduku liko kwa ajili hiyo.

Nne, tuchunge ndimi zetu. Mama mkwe, shangazi, wifi: neno lenu katika nyumba ya kijana lina nguvu. Mukimfukuza mke huyu, kijana wenu atabaki na punje yake nyeusi mfukoni. Akioa mwingine ambaye naye ni AS, hesabu ni ile ile, na mutakuwa mumemwacha mtoto mgonjwa bila mama.

Tarehe 19 mwezi huu wa sita ni siku ya ugonjwa huu duniani, kufuatana na uamuzi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2008. Siku ya posho inayofuata tutakusanyika pahali petu pa kawaida, saa nane. Vikapu na maharagi vitakuwapo. Tunawaomba wamama waje na bwana zao, na bwana wakija, wao ndio watatoa punje.

Yule bwana aliyenyamaza, bibi yake ametuambia kwamba alisoma mbele yetu karatasi ya hospitali mara mbili, kisha akauliza labo inafungua saa ngapi. Amekubali kupimwa. Mtoto yuko nyumbani, anakula bukari vizuri, na jana alimfukuza kuku wa jirani. Tumwombee.

Juma lijalo, kwa kuwa wengi wametuuliza, tutajibu swali lingine la aina hii: mama anayezaa wasichana tu, je, ni yeye anayechagua? Munaweza kuanza kuhesabu vikapu.

Mubaki salama.