Samaki wa mawe ya Ubwari hawana kinga mbele ya chandarua

Wakaaji wa Baraka wakisema samaki, wengi hufikiri kwanza ndagala, wanaovuliwa usiku kwa taa katikati ya maji. Lakini maajabu makubwa ya Ziwa Tanganyika yako karibu na nchi kavu, kwenye mawe kama yale ya rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba.

Huko kunaishi samaki wadogo ambao wataalamu huwaita Tropheus. Jike hutaga mayai machache, mara nyingi hayafiki 20, na papo hapo huyaokota kwa mdomo. Hukaa nayo kinywani karibu mwezi mzima, mpaka watoto wawe na nguvu ya kuogelea. Tabia hiyo ilijengeka kwa vizazi vingi mno, kwa sababu ziwa limejaa wezi wa mayai.

Kuna mwizi mmoja aliyepata njia hata hapo. Ni samaki mwenye sharubu na madoadoa. Huingiza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaolea kinywani, na mama huyabeba yote. Watoto wa mgeni huanguliwa mapema, kisha hula watoto wa mwenye nyumba humo humo kinywani.

Hata hivyo, samaki wanaolea kinywani wameendelea kuishi. Kinachoweza kuwamaliza ni chandarua cha mbu kinachokokotwa kando ya ziwa. Kikimchukua mama, kimechukua na watoto wake wote. Ndagala hutaga mayai mengi na kukua haraka. Akipewa nafasi, hurudi. Samaki wa mawe hana mayai ya kupoteza.

Tena hasafiri. Tropheus haachi mawe yake kuvuka mchanga au maji marefu, ndiyo maana rangi zake hubadilika kutoka pwani moja hadi nyingine. Akiisha Ubwari, wa Kigoma hatakuja kujaza nafasi yake.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi 3, kutoka 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa ndagala, hatua kama hiyo ina maana. Kwa samaki anayezaa mwaka mzima, kufunga miezi peke yake hakutoshi. Lazima kufunga mahali.

Ni kweli kwamba anayekokota chandarua Fizi mara nyingi ni mtu aliyekimbia vita, asiye na shamba wala mtumbwi. Kumpiga faini hakumshibishi. Lakini wavuvi wenyewe, pamoja na wakuu wa vijiji, wanaweza kuchagua sehemu chache za mawe zisizoguswa kamwe, na kumwachia mwenye njaa sehemu nyingine zilizobaki. Samaki amefanya yake: amewaficha watoto kinywani. Kazi iliyobaki ni ya watu.