KIDOGO KWA NANI?



Wenzetu wa Kilindini, na hata wachukuzi wa Mji wa Kale, wametuuliza kama ni kweli kwamba katika mbolea mna madini ya bomu. Maneno haya yamezungushwa barazani mpaka yamekuwa hadithi. Yafaa tuseme yaliyo kweli, tusiwatie watu hofu wala tusiwafiche.

Huko Tanzania, karibu na ziwa Manyara, kuna kilima kiitwacho Minjingu. Zamani sana ziwa lile lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo. Ndege walao samaki walikaa pale vizazi na vizazi. Mavi yao na mifupa ikashuka katika tope la ziwa, ikawa mwamba wa fosfati, na urani iliyokuwamo majini ikanaswa humo. Mwaka 1956, nchi ile ilipokuwa ikiitwa Tanganyika, watafutaji wa urani waliifikia Minjingu. Waliona urani ni kidogo, haina faida ya kuchimbwa, bali fosfati ni nyingi. Tangu miaka ya 1980 mwamba ule unachimbwa kwa mbolea, na mbolea yake imeuzwa hata Kenya.

Kidogo, lakini kidogo kwa nani? Kila tani ya mwamba ule ina urani ya gramu mia kadhaa. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limeweka mpaka wa bekereli 1 kwa kila gramu. Mali iliyo chini ya hapo haihitaji uangalizi; ikizidi, wakuu wapaswa kuichunguza. Mwamba wa Minjingu wapita mpaka huo mara kadhaa. Fosfati nyingine za ulimwengu nazo zina urani, nyingi zikiwa na kiasi pungufu, na mbolea ya namna hiyo huteremshwa hapa kwetu Mombasa kwa meli.

Kupita mpaka si kusema kwamba gunia laua. Gunia likiwa begani kwa muda mfupi halina neno kubwa. Jambo la kuangaliwa ni vumbi, siku baada ya siku, ndani ya ngama ya meli na katika bohari lililofungwa lisilopita upepo. Na hata pasipo urani, vumbi la mbolea lawasha macho na koo.

Aliyehesabu faida alisema ni kidogo, na kwa biashara yake alisema kweli. Lakini anayevuta pumzi ana hesabu yake: yeye huhesabu miaka ya kazi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, vumbi na mionzi vipimwe katika ngama na mabohari, na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyowekwa kwa sheria ya 2019, ihusishwe. Pili, majibu yabandikwe langoni kwa Kiswahili, kila mtu asome. Tatu, pawe na barakoa za kuzuia vumbi, si vipande vya kitambaa, na maji ya kuogea, ili mtu asilipeleke vumbi nyumbani kwa watoto wake. Haya si sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri awaeleze wafanya kazi hatari za kazi na kuwapa vifaa vya kujikinga.

Nasi tuna wajibu wetu. Barakoa ikitolewa ivaliwe, joto lijapokuwa kali. Na kila mwenye kuona vumbi limezidi aandike jina la meli, tarehe na mahali, ampelekee katibu wa tawi lake.

Mwaka 1955 makuli wa Kilindini waligoma kwa ajili ya mshahara, wakasikilizwa kwa kuwa walisimama pamoja. Mshahara ni haki; na pumzi ya kuula mshahara huo ni haki vile vile.

Umoja ni nguvu.