Rafiki wa mtoto mwenye selimundu aambiwe nini?

Haijafika saa moja asubuhi. Binti wa darasa la sita yuko mlangoni na sare, begi na chupa ya maji. Mama yake anamvalisha sweta. Binti analivua na kulisokomeza ndani ya begi.

“Mama, wenzangu hawavai. Wataniuliza.”

“Wakikuuliza, waambie una mafua.”

Nyumba nyingi zinazolea mtoto mwenye selimundu zinayajua maneno kama hayo. Mzazi hataki mwanawe anyooshewe kidole, na mtoto hataki kuonekana tofauti. Basi ugonjwa unageuka siri, na anayeibeba ni mtoto mwenyewe, kutwa nzima, mahali ambapo mama hayupo.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao duniani, pamoja na Nigeria, India na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo, hukakamaa na kuchukua umbo la mundu. Zikinasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti vizuri na mtoto hupata maumivu makali ya mikono, miguu, mgongo, kifua au tumbo. Pia hufa mapema. Chembe ya kawaida huishi takribani siku 120, lakini ya mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu mtoto hupungukiwa damu, huchoka upesi, na macho yake huweza kuwa ya njano.

Baridi, kiu, uchovu na maambukizi kama malaria vinaweza kuamsha maumivu hayo. Ndivyo ilivyomtokea binti huyu. Asubuhi moja ya mvua alikimbia mchakamchaka pamoja na wenzake, sweta likiwa ndani ya begi. Kufikia kipindi cha tatu alikuwa amelaza kichwa kwenye dawati. Mwalimu alidhani ni usingizi. Rafiki yake wa dawati moja alimwona ameshika goti na machozi yanamtoka, lakini yeye alichokuwa anakijua ni mafua. Mama alipigiwa simu saa nane mchana.

Binti alilazwa siku sita. Siku ya nne rafiki yake alifika wodini na mama yake, akiwa na madaftari aliyomnakilia masomo yaliyompita. Alimwamkia mama mgonjwa, akakaa pembeni ya kitanda, kisha akauliza kwa sauti ya chini: “Kwa nini hukuniambia? Mimi ningemwambia mwalimu.”

Hapakuwa na mtu mzima aliyeweza kulijibu swali hilo. Waliporudi nyumbani, mama alimuuliza mwanawe: unataka nani ajue? Binti alitaja watu wawili, huyo rafiki na mwalimu wa darasa. Wakaanzia hapo.

Mzazi anayefikiria kufanya hivyo asianze kwa kutangaza. Siri ni ya mtoto, na yeye ndiye achague wa kumwambia. Mwalimu wa darasa ni vizuri ajue mapema, ili asimwadhibu mtoto kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara. Figo za mwenye selimundu hushindwa kubana maji vizuri, kwa hiyo hukojoa sana, na bado anatakiwa anywe maji mengi.

Rafiki hahitaji kusomeshwa udaktari. Inatosha ajue mambo machache. Kwanza, ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sahani moja, kukaa pamoja wala kulala chumba kimoja. Pili, maji na nguo ya joto ni sehemu ya matibabu, hivyo asimcheke mwenzake kwa chupa wala sweta. Tatu, mwenzake akisema anaumwa, anaumwa kweli, hata kama dakika kumi zilizopita alikuwa anacheka.

La nne ndilo kubwa: zipo dalili ambazo hazisubiri kengele ya kutoka. Homa, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kuishiwa nguvu ghafla. Rafiki akiona mojawapo, amwite mtu mzima mara moja, hata kama mwenzake anamsihi asiseme. Dalili za upande mmoja wa mwili zinaweza kuwa kiharusi, ambacho huwapata hata watoto wenye selimundu.

Wenye watoto wa kiume wana jambo jingine la kuzungumza nao. Uume unaweza kusimama kwa muda mrefu na kwa maumivu bila sababu yoyote ya kimapenzi. Hiyo ni dharura ya hospitali, lakini mvulana huona aibu kumwambia mama, na huenda akamwambia rafiki kwanza. Rafiki asicheke, amsindikize kwa mtu mzima.

Kuna mpaka wa kuulinda hapa. Rafiki ni mtoto pia. Asikabidhiwe kutunza dawa wala kumchunga mwenzake kama askari, na mambo yakiharibika asilaumiwe. Kazi yake ni kuita. Dawa, kliniki na maamuzi ni vya watu wazima.

Mama naye anahitaji wake. Wodini, rafiki wa kweli ni yule anayesema, “Leo nitawachukua wadogo zake shuleni,” au anayekaa saa mbili kitandani kwa mgonjwa ili mama akaoge na kula. “Ukihitaji kitu useme” ni maneno mema, lakini mwenye mgonjwa mara nyingi hana nguvu ya kusema.

Na mzazi wa rafiki ana nafasi yake. Wengi huacha kumwalika mtoto mgonjwa wakiogopa asije akazidiwa mikononi mwao. Hofu hiyo inaeleweka, ila mtoto asiyealikwa huiona kama hukumu.

Mwezi uliopita, mama wa yule rafiki alimpigia simu mama binti. Wikiendi watoto walitaka kulala pamoja nyumbani kwake. Aliuliza dawa ni saa ngapi, hospitali ya karibu ni ipi, na kama blanketi moja litatosha. Mama binti alisitasita, kisha akasema kwamba wakati mwingine mtoto hukojoa kitandani kwa ajili ya yale maji mengi.

“Mama, godoro nitalitandika nailoni,” alijibiwa. “Mlete tu.”