ASKARI ATAZAMA MKANDA, NANI ATAZAMA MSHAHARA?



Kila wiki magazeti hutuletea habari za motokaa. Mara motokaa mpya imeteremshwa Mombasa, mara petroli imepanda, mara polisi wamefanya msako na matatu zimejaa kituoni. Habari hizo tunazisoma wakati wa chai, gazeti moja likipita mikono kumi, na wengi wetu hatuna hata baiskeli. Kusoma hatukatai. Lakini kabla ya kuamini tumezoea kuuliza swali moja: habari hii yamhusu mwenye gari, au mwenye kuliendesha na kulipanda?

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1986, Rais Moi alipokiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze motokaa ya Kenya. Mwaka 1990 motokaa chache za majaribio zilionyeshwa watu, nasi tukashangilia, maana kiwanda cha motokaa ni kazi kwa watoto wetu. Motokaa hiyo haikufika dukani. Hatuwalaumu mafundi, wao walifanya kazi yao. Lakini tangu hapo tukiona picha ya motokaa mpya gazetini, twatafuta kwanza ni watu wangapi walioandikwa kazi.

Tena mwaka 2024 Serikali ilitaka wenye magari walipe kila mwaka, pamoja na bima, ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, usiopungua shilingi 5,000. Wenye magari walipiga kelele na ushuru ukaondolewa mwezi wa Juni. Kisha Mswada wote wa Fedha ukaachwa baada ya maandamano makubwa. Asiye na gari alidhani mambo hayo hayamhusu. Mwezi wa Julai ada ya matengenezo ya barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 mpaka 25 kwa kila lita ya mafuta. Ada hiyo hulipwa penye pampu, na kutoka penye pampu huingia katika nauli ya mtu asiye na gari.

Sasa tuje kwa polisi, maana hapo ndipo mfanyakazi anapoumia zaidi.

Kanuni za matatu zilizoanza tarehe 1 Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki, zilisifiwa nchi nzima. Ziliagiza mikanda, chombo cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na kondakta. Sisi nasi tulizisifu, maana ndio tunaosafiri alfajiri kwenda kazini, na ndio tunaochanga pesa za mazishi ajali ikitokea. Lakini katika orodha hiyo hiyo kulikuwa na agizo jingine: dereva na kondakta waandikwe kazi ya kudumu. Na kanuni za mwaka 2014 ziliwataka wenye matatu wawape wafanyakazi wao mikataba ya maandishi.

Twauliza: ni askari gani aliyesimamisha matatu akaomba kuona barua ya kazi ya dereva?

Mstari wa manjano waonekana kwa mbali, mshahara hauonekani. Basi askari hutazama mkanda, taa, tairi na bima, naye dereva huendelea kuishi kwa hesabu. Alfajiri hupewa gari na kuambiwa kiasi atakacholeta jioni. Mafuta ni juu yake, na kile kitu kidogo cha njiani ni juu yake. Kinachobaki hugawana na kondakta. Gari likikwama saa mbili katika msongamano, hesabu haipungui hata senti. Mtu huyo akipata mwanya wa barabara atakimbia, atajaza watu kupita kiasi, atapita upande usio wake. Asubuhi yake magazeti yaandika kwamba madereva ni wakorofi.

Tunamjua dereva mmoja aliyeshtakiwa kwa sababu ya tairi zilizokwisha. Alikuwa amemwambia tajiri habari ya tairi hizo mara tatu. Mahakamani faini ilikuwa yake, si ya tajiri. Aliuza redio, akakopa kwa shemeji, akalipa. Aliporudi stendi alimkuta mwingine ameshika usukani. Hakuwa na barua hata moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi pale.

Wako wenzetu wanaosema madereva nao wana makosa. Ni kweli. Wengine hulewa, wengine hutukana abiria, na anayeua mtu kwa uzembe ashtakiwe. Hatumtetei. Wako pia wanaosema askari wote ni wala rushwa. Hilo hatulisemi. Askari naye ana watoto, naye kwa sheria ya nchi hii hana ruhusa ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Lakini msako ukimkamata anayekimbizwa na hesabu, na kumwacha aliyeipanga hesabu, wiki ijayo barabara itakuwa vile vile.

Sheria si ngeni. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni juu ya tajiri. Kwa hiyo twasema hivi. Dereva na kondakta, ombeni barua zenu, tena ombeni pamoja, maana anayeomba peke yake hufukuzwa peke yake. Ubovu wa gari uandikeni na mweke nakala. Mwanachama wa kiwandani, usimcheke dereva anapokamatwa, maana maisha yako yamo mikononi mwake mara mbili kila siku. Na Serikali, siku ya msako mwingine, itume mkaguzi wa kazi asimame kando ya askari. Askari aulize leseni, mkaguzi aulize mkataba.

Siku hiyo habari ya msako tutaisoma na kuiamini.

Umoja ni nguvu.