Nani Alisema Magwagwa Hatukompaili?

Kuna msee aliniuliza, na hakuwa anatania sana: "Sasa wewe ukiwa huko Magwagwa utakompaili nini, majani chai?" Watu wakacheka. Sawa, ni joki poa. Lakini nyuma yake kuna wazo silipendi kabisa, na nimelisikia hadi kwa wale wanajiita walimu wa kodi: eti kujenga maktaba ya kisayansi kutoka kwa msimbo wake ni ushamba wa miaka ya tisini, kijana wa leo abonyeze tu, iingie, aendelee na maisha.

Mimi nakataa.

Chukua GSL, yaani GNU Scientific Library. Ilianzishwa 1996 na Mark Galassi na James Theiler, wanafizikia wa Los Alamos kule Marekani. Imeandikwa kwa lugha ya C, ni ya bure, na msimbo wote ukiwa umefungwa haufiki megabaiti 10. Hizo bundles unazimaliza kwa TikTok kabla chai ipoe. Unaifungua, unaandika ./configure ikague mashine yako ina kompaila gani, kisha make igeuze msimbo kuwa kitu kompyuta inaweza kuendesha. Kwa lapi mzee unaweza kwenda kukamua ng'ombe urudi upate bado inasonga. Halafu make check, halafu make install.

Ndio, najua. Kwa Ubuntu apt inakuletea hiyo hiyo ikiwa tayari, haraka sana. Ukiwa na kazi ya kesho asubuhi tumia apt, hakuna mtu atakushika. Lakini apt inataka nywila ya mwenye mashine, na kwa kompyuta ya saiba au ya maabara ya chuo hiyo nywila huna na hutapewa. Msimbo haukuombi ruhusa. Mradi kompaila iko, unaandika ./configure --prefix=$HOME/gsl na maktaba inakaa ndani ya folda yako mwenyewe.

Hapo ndipo programu yako italia kwamba haioni libgsl.so, na wengi husema Linux ni uchawi wanafunga lapi. Uchawi gani? Mfumo unatafuta maktaba kwa folda zake za kawaida, na yako haiko huko. Elekeza LD_LIBRARY_PATH kwa $HOME/gsl/lib, imeisha. Ukishaelewa hiyo, hakuna maktaba itakutisha tena.

Na hiyo make check watu huruka, ndiyo mimi naipenda kuliko zote. Inaendesha hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, juu ya mashine yako, ikuonyeshe kama inapata majibu hayo. Si kuambiwa na mtu kwamba inafanya. Unaona.

Sasa kwa nini nijali? Kwa sababu ya bwawa. Bwawa la Magwagwa kwenye mto Sondu limeongelewa tangu wazazi wetu wakiwa vijana. Huko chini ya mto tayari kuna Sondu Miriu, megawati 60. Likijengwa letu, kuna shamba la mtu litafunikwa na maji, na ni namba zitaamua ni la nani.

Hizo namba hutoka wapi? Hakuna mtu hupima maji yote yanayopita mtoni kila siku. Kinachosomwa kila siku ni kimo cha maji kwenye ubao wenye vipimo. Mara chache wataalamu huingia na kifaa wapime maji yanapita kwa kasi gani, wanapata nukta kadhaa, kisha kompyuta inachora mstari kupitia nukta hizo. Kuanzia hapo kila kimo kinageuzwa kuwa ujazo wa maji kwa kufuata huo mstari. Shida ni mafuriko: nani ataingia Sondu ikiwa imefura? Kwa hivyo sehemu ya juu ya mstari, ile inaamua mlango wa kumwaga maji uwe mkubwa kiasi gani, mara nyingi ni makisio tu.

Kuchora mstari huo, ukishageuza namba kuwa logi, ni kazi ya gsl_fit_linear. Fankisheni moja tu! Iko ndani ya faili unaweza kufungua na kusoma, haina hata kurasa nyingi.

Katiba ya 2010 inasema wananchi washirikishwe. Kwetu hiyo imekuwa kukaa kwa viti vya plastiki, kunywa soda na kuandika jina kwa karatasi. Mzee wa miaka sabini simlaumu. Lakini wewe mwenye lapi na digrii ya kompyuta, unakaa kando yake unapiga makofi ukionyeshwa grafu?

Baraza likiitwa mimi niko na maswali mawili. Mafuriko yalipimwa mara ngapi, miaka gani? Na hizo nukta naweza kupewa kwa faili, nizipige mwenyewe hapa hapa?